Mjusi Atakayekaa kwa Waridi

Mtaa mzima wa Buyenzi ulijua: ukiona mjusi ukutani na mkono wako huuamini, kamwite Mama Saliha. Jina lake hasa ni Waridi, ila nani anamwita hivyo tena. Alikuwa na kandambili ya buluu iliyolika kisigino, na shabaha yake, angekuwa mwanaume, wangemkabidhi bunduki, maana miaka ile bunduki zilikuwa zinakabidhiwa hata wasiojua kuzishika. Wengine wanapiga, wanakosa, wanapiga tena, ukuta unabaki na alama za nyayo utadhani mtu ametembea juu yake. Waridi apana. Pigo moja, mjusi chini, Alhamdulillahi, kandambili inarudi mguuni.

Wala si ukatili, tuelewane. Alipokuwa mtoto wa kukaa mkekani chuo cha Kurani, mwalimu aliwaeleza kwamba Nabii Ibrahimu alipotupwa motoni, wanyama walihangaika kuuzima ule moto, isipokuwa mjusi wa ukutani, ambaye aliupuliza uzidi kuwaka. Kwa hiyo anayemuua kwa pigo la kwanza ana thawabu nyingi, na kwa pigo la pili zinapungua. Waridi alikuwa mtu wa kufanya kitu kikafanyika. Hata sambusa zake, ambazo ndizo zilimlisha tangu afiwe na mume, hazikuwa na kona iliyofunguka. Na tangu afiwe na mwanawe Saliha, kila pigo alikuwa analinuia: Yarabi, thawabu hizi mwandikie Saliha.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye mjukuu wake alimtazama asubuhi moja, kikombe cha chai mkononi, akamwambia: "Nyanya, mi nataka mujusi."

"Wa kumufanya nini?"

"Wa kukaa naye."

Waridi aliweka birika chini. Alimtazama mtoto, akatazama ukuta, akarudi kwa mtoto. Mbuzi anakaa na watu kwa sababu iko siku ataliwa. Kuku hivyohivyo. Paka anafukuza panya. Mjusi akae na mtu, halafu? Alijaribu kulifikiria jambo lile kwa mbele na kwa nyuma, likakataa kuingia kichwani.

Angekuwa mtoto mwingine angeambiwa amalize chai na aache upuuzi wake. Huyu hakuweza kumwambia hivyo. Houda alikuwa mtoto wa Saliha, na Saliha hakuwa na ndugu. Saliha aliolewa na Jovithe, Mkristo wa Gihosha, mfanyakazi wa wizara, na maneno yalikuwa mengi pande zote mbili mpaka mtoto alipozaliwa, watu wakachoka kusema. Huku Buyenzi mtoto ni Houda, kule Gihosha ni Danielle, mwenyewe anaitika yote. Kisha zikaja zile siku za vijana kufunga barabara kwa mawe. Basi dogo alilopanda Saliha lilisimamishwa. Hawakumuuliza amefanya nini. Walimuuliza babu yake alikuwa mtu wa nani. Jibu halikuwapendeza, na hayo Waridi aliyasikia kwa dereva aliyeponyoka.

Ilikuwa imepita miaka miwili. Sasa nchi ilikuwa imewekewa vikwazo, sukari imekuwa kitu cha kunong'onezana, mafuta ya gari yanauzwa kwenye chupa za bia, na Jovithe amehamishiwa mji wa Ngozi. Barabara ya Ngozi haikuwa ya kumpitisha mtoto. Kwa hiyo Houda lazima abaki mjini kwa nyanya mmojawapo. Odette, mama yake Jovithe, ana nyumba ya juu kilimani kule Gihosha, na bustani, na televisheni, na maji yanayotoka ndani kwa ndani. Waridi ana vyumba viwili na jiko la sambusa uani. Jovithe, mtu wa haki kupita kiasi, alisema: "Mama, kwa mama yangu amekwisha kukaa. Kwako atakaa mpaka dimanche, Jumapili hii. Siku hiyo nitamuuliza yeye mwenyewe."

Mtoto wa miaka saba aulizwe! Waridi aliona ni wazimu mtupu, lakini akakubali, maana asingekubali angemkosa moja kwa moja. Alimtaka mtoto yule. Usoni kwake kulikuwa na paji la Saliha, na namna ya Saliha ya kupuliza chai kabla ya kuinywa hata ikiwa imepoa.

Na mtoto alikuwa hajakaa. Mwili ulikuwa pale, ndiyo, lakini kwenye ncha ya kiti, na mfuko wake wa nguo miguuni, nguo zimo ndani vilevile zilivyokunjwa Gihosha. Waridi alimfungulia kabati, akamwonyesha rafu iliyo wazi. Houda alisema asante, akaufunga mfuko. Mjusi ndicho kitu cha kwanza alichoomba tangu aingie ile nyumba. Basi kama ni mjusi, Waridi akajiambia, atakuwa mjusi.

Alimwendea kwanza Sheikh Huseni, baada ya Alasiri, akasimama nje ya msikiti na kanga imemfunika vizuri.

"Sheikh, kumuua mujusi ni lazima?"

"Si faradhi, Mama Saliha. Iko thawabu. Anayeacha hana zambi."

"Na kumufuga?"

Sheikh Huseni aliondoa miwani. Aliifuta. Aliivaa. "Kumufuga mujusi? Ili iweje?"

"Ndiyo na mi nauliza."

Sheikh aliwaza kwa uaminifu kabisa, kisha akasema tangu aanze kufundisha hajawahi kuulizwa hivyo, na kwamba atatazama vitabuni. Waridi alirudi nyumbani amechanganyikiwa kuliko alivyokwenda. Angalau alipokwenda alidhani yuko mtu anayejua.

Akamwita Atumani. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa malori kule Quartier Industriel, mtaa wa viwanda, na kwa kuwa malori mengi yalikuwa yamelala kwa kukosa mafuta, alikuwa na nafasi ya kushughulikia mijusi. Alicheka mpaka akakaa.

"Shemeji, we? We ndiye unatafuta mujusi? Hii vita itaisha kweli."

"Cheka ukimaliza useme. Ni mujusi gani wa kumupa mutoto?"

Atumani akawa mtaalamu papo hapo. Alieleza kwamba mijusi si kitu kimoja, iko ya chini, iko ya juu ya mawe, iko ya mitini, na kila mmoja na tabia zake, kama vile amesomea. Akamaliza kwa kushauri waanze na yule wa uani, mwenye mistari mgongoni, anayeng'aa kama amepakwa mafuta. Waridi aliupenda ushauri huo. Mjusi yule hapandi ukuta, na habari ya ule moto haimhusu. Walimkamata kwa tabu, Atumani amelala kifudifudi nyuma ya jiko na shati la kazi, wakamtia kwenye kopo la mafuta ya msaada, Waridi akatoboa mfuniko kwa msumari. Kwa mkono wake. Mtu aliyeua mijusi ya mtaa mzima, sasa anatoboa tundu ili mmoja apate hewa.

Houda alichungulia ndani ya kopo kwa muda mrefu. "Ni muzuri," akasema kwa adabu. "Lakini si huyu."

"Si huyu? We unamujua?"

Mtoto alimrudishia kopo. Walimwachia mjusi, akapotea chini ya mkaa.

Siku iliyofuata Atumani alileta wa pili, kutoka kwenye kuta za magodauni karibu na bandari: mkubwa, kichwa cha buluu, kifua kimetuna, amefungwa kwenye katoni ya vipuri. Walimwachia juu ya meza. Waridi alikuwa anatandika mswala wa Adhuhuri, akageuka, akamwona mjusi amenyanyuka kwa mikono yake miwili, kichwa kinakwenda juu na chini, juu na chini, macho kwake.

"Huyu anaigiza wanaosali," akasema. "Mutoe."

"Shemeji, ndivyo alivyo. Hata makanika wakipita anafanya hivyo."

"Mutoe, Atumani."

Houda alikuwa amesimama mlangoni. "Si huyu, nyanya," akasema, na safari hii Waridi alishukuru. "Huyu ni wa nje. Hawezi kukaa ndani."

Wa tatu ndiye aliyeharibu. Atumani, kiburi kimempanda, alipata kinyonga kwenye ua wa mtu, akamleta Buyenzi mchana kweupe, juu ya kijiti, mkono umenyooshwa mbele. Njia nzima milango ilifungwa, maana kinyonga ni mkosi. Mawazo, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye alikuwa na mimba, alifunika tumbo kwa karai la mboga alilokuwa ameshika na akakataa kutoka ndani mpaka jioni. Houda mwenyewe aliingia nyuma ya pazia, hakutaka hata kutazama.

"Huyu anabadilisha rangi," Atumani alilalamika, kweli ameumia. "Papa yangu, mutoto gani hataki mujusi wa kubadilisha rangi? Mi nimechoka. Muchagulie wewe." Akaondoka na kijiti chake, na watu wakampisha njia yote.

Waridi alikaa jikoni, akachoma sambusa na kuziunguza, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Jumapili ilikuwa kesho. Hakuelewa. Alikuwa amemtafutia mtoto kila mjusi aliyeumbwa na Mungu, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja hakutaka hata kumfikiria. Moyo ulimwambia mtoto amekwisha kuchagua Gihosha na hii mijusi ni njia ya kukataa kwa heshima. Alimwonea Odette wivu, na bustani yake, na maji yake ya ndani. Alilia kidogo, moshi ukamsaidia kuficha.

Baada ya Magharibi umeme ulirudi. Taa ya sebuleni iliwaka, wadudu wakajaa, na mjusi wa ukutani akatoka nyuma ya kalenda, mweupe, macho meusi, akasimama karibu na taa. Waridi hakufikiri. Mkono ulikwenda mguuni wenyewe, ukarudi na kandambili.

Houda alishuka kwenye kiti. Alikwenda akasimama ukutani, chini ya mjusi, mikono ameinua juu. Haikufika popote karibu naye.

"Ni huyu," akasema.

Waridi alibaki na kandambili hewani. Sasa alimwona vizuri. Mkia ulikuwa mfupi, butu, umeota upya na rangi isiyofanana na mwili. Alimjua. Mwezi wa Ramadhani uliopita ndiye peke yake aliyemponyoka, akaacha mkia sakafuni unachezacheza, na Waridi aliudhika siku nzima.

"Houda, toka hapo. Huyu ni mubaya."

"Alifanya nini?"

Basi Waridi akamweleza, kandambili bado mkononi, habari yote ya Nabii Ibrahimu na moto, kama alivyoelezwa yeye mkekani. Mtoto alisikiliza bila kushusha mikono.

"Huyu alikuwepo pale?"

"Huyu? Apana. Ni zamani sana. Ni babu ya babu yake huko."

"Sasa huyu alifanya nini?"

Waridi alifungua kinywa. Alikuwa na jibu, mtu hawezi kuua mijusi miaka yote ile bila kuwa na jibu. Lakini lilipokaribia kutoka alisikia sauti ya yule dereva aliyeponyoka, anavyoeleza, hawakumuuliza amefanya nini, Mama Saliha, walimuuliza babu yake. Jibu likarudi chini. Alikaa kwenye kiti.

"Nani alikuambia habari ya mijusi yangu?" aliuliza, kwa sababu lazima aseme kitu.

"Mama." Houda alishusha mikono taratibu, akahakikisha kwanza kwamba kandambili imeshuka. "Kwetu ilikuwa mingi. Mama alisema ni kama ile alikuwa anaificha hapa, we ukikasirika. Anaitia ndani ya leso, anaitupa nje kwa dirisha. Ya mwisho alikuja nayo kwa papa, siku ya harusi. Alisema nisikuambie."

Waridi alimkumbuka Saliha mdogo, alivyokuwa wa kwanza kukimbilia sebuleni mtu akipiga kelele kwamba yuko mjusi. Alidhani mtoto anapenda thawabu. Alimsifu hata mbele ya watu. Na thawabu zote za miaka hii miwili, zile alizomnuia kwa jina lake, pigo kwa pigo, sasa zilikwenda wapi? Alizipokea Saliha, akafurahi? Au alizitazama kama alivyotazama huyu mtoto, na mikono juu? Waridi hakujua. Aliitafuta akili yake asiione.

"Sasa we unataka mujusi kwa nini?" akauliza tena, na safari hii alikuwa anaomba.

Houda alirudi kwenye ncha ya kiti chake, akavuta mfuko karibu na miguu. "Papa alisema nichague kwa kukaa. Mi nilitaka kuona kwanza kama yeye anaweza kukaa." Akapuliza chai iliyokwisha kupoa. "Mi pia sijui babu ya babu yangu alifanya nini."

Walikula, wakalala, na kalenda ilibaki ukutani na mjusi wake nyuma.

Jumapili Jovithe alikuja ametoka misa, suruali imepigwa pasi, salamu za Odette mdomoni. Waridi alimpa kiti kizuri na sambusa. Akammiminia chai. Milio ya bunduki ilisikika huko mtaa wa Kinama, mbali, na wote watatu walisubiri iishe kama mtu anavyosubiri lori lipite ndipo aendelee na mazungumzo.

"Haya, mama," Jovithe alimwambia binti yake, akainama. "Umefikiri? Kwa nyanya Odette au hapa?"

Houda alitazama kalenda. Kisha alimtazama Waridi, si usoni, miguuni.

"Sema tu. Hakuna atakayekasirika."

Mtoto aliuvuta mfuko wake, na Waridi alihisi anaanza kumpoteza pale pale, mbele ya sahani ya sambusa. Alitaka kumwambia kitu, kumwahidi, kumwapia. Lakini maneno ni maneno, na mtoto huyu alikwisha kusikia watu wazima wengi wakisema.

Ndipo Mawazo alipopiga hodi bila kusubiri kuitikiwa, tumbo mbele, uso umekunjamana.

"Mama Saliha, samahani kwa wageni. Njoo. Yuko mujusi, juu ya kitanda kabisa, na mi kwa hali hii siwezi kuruka."

Waridi alisimama. Miaka yote hiyo miguu yake ilikuwa inasimama yenyewe kwa maneno hayo. Aliivua kandambili, akaishika. Jovithe aliendelea kula, kwake lilikuwa jambo la kawaida. Houda aliweka mkono juu ya mfuko wake.

Waridi alisimama pale katikati ya sebule na ile kandambili, na ukweli ni kwamba hakujua anachokifanya. Sheikh alisema anayeacha hana dhambi, hakusema anayeacha ana nini. Mwalimu wa mkekani hakuwa mwongo. Saliha pia hakuwa mwongo, isipokuwa kwa lile moja. Yote aliyoyajua yalikuwa yamesimama kichwani mwake kwa wakati mmoja na hakuna lililotaka kumpisha mwenzake.

"Usimupige," akasikia sauti yake inasema.

"Mimi? Simupigi, ndiyo nimekuita we."

"Chukua leso. Mufunike polepole, asikatike mukia. Umulete hapa."

Mawazo alimtazama. Alimtazama Jovithe, labda mwanaume ataeleza. Jovithe alikuwa ameacha kutafuna.

"Nimulete hapa," Mawazo alirudia. "Mujusi."

"Ndiyo. Hapa atakaa."

"Atakaa na nani?"

Waridi alitupa kandambili chini, akaingiza mguu. "Na sisi," akasema, na akaona aibu, na hakujua aibu ni ya nini.

Mawazo alibaki mlangoni anajaribu kuelewa, mkono kiunoni, kisha akakata tamaa akaenda kutafuta leso. Jovithe alianza kuuliza kitu. Houda alikuwa amekwisha kushuka kwenye kiti. Aliufungua mfuko wake, akatoa gauni la juu, akalikunjua, akaenda nalo kabatini. Kisha akarudi kuchukua nguo nyingine.